Kifaa cha Nyumbani Kikihama, Amana Isibaki Nyuma

Bismillah.

Ndugu zangu, darsa la leo si la udhu wala la mirathi. Leo tuzungumzie visanduku vidogo ambavyo vijana wetu wanaviweka majumbani ili viwashe taa, viendeshe pampu ya maji na kukumbusha nyakati za swala. Usipite haraka ukasema, "Haya hayanihusu." Kama una mtoto anayejua kompyuta, au ndugu aliye nje anayewajengea wazee nyumba, jambo hili litabisha hodi kwako, kama halijaingia ndani tayari.

Ninachotaka tukishike ni kimoja tu. Kisanduku kama hiki kikihamishwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya, kuhamisha programu ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuhamisha amana iliyomo: funguo, maelezo, na uwezo wa wakaazi kuiendesha nyumba yao wenyewe.

KISANDUKU CHENYEWE NI NINI?

Nitatoa mfano wa ninachokijua. Nyumbani kwa mama yangu, Tanga, kuna kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi 3, ukubwa wake unatosha kiganjani. Ndani yake kuna programu iitwayo Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kijana mmoja, Paulus Schoutsen. Ni ya bure, na tangu mwaka 2024 iko chini ya Open Home Foundation, taasisi ya Uswisi isiyo ya biashara. Uzuri wake ni kwamba kazi inafanyika humo humo ndani ya nyumba. Intaneti ikikatika, taa inaendelea kumtii kisanduku, kwa sababu amri haiendi kwanza kwa kampuni ya mbali kuomba ruhusa.

Mpwa wangu ndiye aliyekiweka kabla hajaenda Maskati kikazi. Kinawasha taa ya uani ikifika Magharibi, kinaendesha pampu ya kupandisha maji kwenye tangi, na kinatoa sauti ya kukumbusha swala.

KWA NINI KIHAME?

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu ya msingi inayoiongoza, kama Android kwenye simu yako. Mwezi Mei 2025, wenye Home Assistant walitangaza kwamba wataacha kuhudumia mifumo ya biti 32, ile ya zamani, pamoja na baadhi ya njia za zamani za kuiweka programu yao. Muda uliotolewa ulikuwa hadi toleo la Desemba 2025. Vifaa hivyo havikuzimwa. Vinaendelea kufanya kazi, ila havipati tena marekebisho. Na kifaa kilichounganishwa na mtandao wa nyumba, kisipopata marekebisho, ni kama mlango ambao kitasa chake kikilegea hakuna fundi wa kukikaza.

Hapa pana jambo la kufurahisha. Raspberry Pi 3, iliyotoka mwaka 2016, ubongo wake ni wa biti 64. Wengi waliiwekea mfumo wa biti 32 tu, na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kwa hiyo hatukuhitaji kununua kompyuta mpya. Tulihitaji kuibadilishia mfumo. Lakini kutoka biti 32 kwenda 64 hakuna kitufe kimoja cha kubonyeza mambo yakaisha. Unachukua nakala ya akiba, ile vijana wanayoiita bakapu, unaandika mfumo mpya kwenye memori kadi, kisha unairudisha nakala yako juu yake.

Mpwa wangu alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Kile kisanduku cha kwa bibi lazima kihamishwe, na aliye karibu ni wewe." Nami elimu yangu ni ya madrasa na ya sekondari, si fundi wa kompyuta. Tukakubaliana Jumamosi baada ya Alasiri, yeye kwenye simu ya video kule, mimi na memori kadi huku. Nawapeni tuliyoyapata.

LA KWANZA: USIFUTE CHA ZAMANI KABLA KIPYA HAKIJASIMAMA

Kuandika mfumo mpya kwenye memori kadi kunafuta kila kilichomo. Kwa hiyo tulinunua kadi mpya, tukaandika mfumo juu yake kwa kutumia laptopu na programu ya bure iitwayo Raspberry Pi Imager. Kadi ya zamani tuliichomoa tukaiweka kwenye bahasha, imeandikwa tarehe. Kama mambo yangeharibika usiku ule, kuirudisha ni kazi ya dakika mbili na mama angepata maji yake. Kadi mpya ina faida nyingine pia. Programu hii inaandika kumbukumbu za nyumba mfululizo mchana na usiku, na memori kadi huchakaa kwa kuandikwa andikwa. Kadi iliyofanya kazi hiyo miaka mingi si ya kuitegemea tena.

LA PILI: NAKALA BILA UFUNGUO NI SANDUKU LILILOFUNGWA

Tangu toleo la Januari 2025, nakala za akiba ambazo Home Assistant inajitengenezea yenyewe zinafungwa kwa ufunguo, yaani msururu mrefu wa herufi na namba. Programu inakupa karatasi ya dharura uihifadhi, na ufunguo umo humo. Ukipoteza ufunguo, nakala unayo lakini huwezi kuifungua.

Nilimuuliza mpwa wangu, "Ufunguo uko wapi?" Akasema, "Uko kwenye laptopu yangu, mjomba." Nikamuuliza tena, "Na laptopu yako ikiibiwa? Na wewe mwenyewe, ukitangulia mbele ya haki kabla yetu?" Akanyamaza kidogo.

Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Mola wetu hakutuachia haki za watu zikae kichwani mwa mtu mmoja. Basi na ufunguo wa nyumba ya mzazi wako una haki ya kuandikwa. Tuliuandika kwenye karatasi mbili. Moja iko ndani ya kasha la hati za nyumba, ya pili anayo dada yangu.

LA TATU: NAKALA ILE NI SIRI YA NYUMBA

Ndani ya faili lile moja mna majina ya watumiaji, paswedi, na habari za milango na taa. Anayezisoma anajua nyumba inalala saa ngapi na ni siku gani haina watu. Hiyo ni sitara ya familia. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp eti mtu akusaidie. Na ukishairudisha nakala, watumiaji wa zamani wanarudi nayo. Tulipoangalia orodha tulikuta jina la fundi aliyefunga waya miaka ile, bado ana ruhusa ya kuingia. Hakufanya ubaya wowote, lakini hakuwa na sababu ya kubaki na ufunguo wa nyumba ya bibi kizee. Tukamwondoa.

LA NNE: WALIOJUANA WASITENGANISHWE

Vihisi vyetu, kama kile cha kupima maji kwenye tangi, vinaongea na kisanduku kwa redio ya aina ya Zigbee, kupitia kidude kilichochomekwa kwenye tundu la USB. Mtandao huo una ufunguo wake wa siri, na vifaa vyote vinaujua. Ukihamisha mfumo, ukabaki na kidude kile kile na ukairudisha nakala, vifaa vinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukianza upya bila nakala, itabidi upande ngazi ukaviunganishe kimoja kimoja, hadi kile cha juu ya tangi. Kwetu, alhamdulillah, vyote viliitika isipokuwa taa moja ya barazani, nayo ilitaka kuzimwa na kuwashwa tu.

LA TANO: NYAKATI ZA SWALA ZIHAKIKI KWA MACHO YAKO

Hili ndilo linalonihusu zaidi kama imamu. Home Assistant ina sehemu ya kukokotoa nyakati za swala. Katika mipangilio yake yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni njia ya kukokotoa Alfajiri na Isha. Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu inahesabu Alfajiri jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo wa macho, na njia ya jumuiya ya Waislamu wa Amerika Kaskazini inahesabu nyuzi 15. Tofauti ni nyuzi 3. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, nyuzi 1 ni takriban dakika 4, kwa hiyo hizo ni kama dakika 12.

Zifikirie dakika 12 hizo katika mwezi wa Ramadhani. Msikiti wa mtaani umeshaadhini, jirani ameshaacha kula, na wewe unaendelea na daku kwa sababu kisanduku kimekwambia bado. Sisemi njia hii ni batili na ile ni sahihi. Wanazuoni na wataalamu wa falaki wamelizungumza hilo. Nasema nyumba isiwe na Alfajiri yake peke yake kwa sababu tu mtu alibonyeza jina la kwanza aliloliona.

La pili ni Alasiri, kwa Shafi au kwa Hanafi. Kwa Shafi wakati unaingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake, ukiongeza kivuli cha adhuhuri. Kwa Hanafi ni mara mbili ya urefu wake. Pwani yetu wengi ni Shafi. Ukirudisha nakala, majibu ya zamani yanakuja nayo. Ukianza upya, unapanga upya. Vyovyote vile, chukua kalenda ya msikiti wako ulinganishe kwa siku mbili tatu. Hakikisha pia mahali pa nyumba kwenye ramani na saa ya nchi viko sawa, maana hesabu yote inatokana na hapo.

LA SITA: MKONO WA MWENYE NYUMBA UBAKI NA NGUVU

Tulipokuwa tunamalizia, mama alikaa kwenye mkeka akitutazama. Kisha akasema maneno ambayo sikuyasoma kwenye maelekezo yoyote: "Mwanangu, kisanduku hiki kinamjua mjukuu wangu aliye Maskati. Mimi ninayelala hapa hakinijui."

Ndugu zangu, mzee huyu alisema kweli. Tulikuwa na mfumo mpya na kila kitu kinawaka, lakini yeye akitaka maji saa nane usiku alikuwa hana la kufanya ila kumpigia mtu simu. Kwa hiyo hatukuhesabu kazi imekwisha. Wiki iliyofuata nilimleta fundi umeme, akaweka swichi ya kawaida ya pampu ukutani, karibu na mlango wa jikoni, inayofanya kazi hata kisanduku kikiwa kimekufa. Kwenye tangi akaweka boya la kukata umeme likijaa, lisilongoja amri ya kompyuta. Kisha nikakichomoa kisanduku kwenye umeme mbele ya mama, nikamwambia, "Mama, washa maji." Akabonyeza. Pampu ikanguruma. Akacheka, akasema, "Sasa hapo."

Hicho ndicho kipimo ninachowausieni. Ukishahamisha, chomoa kisanduku. Kama mkaazi mwenye umri mkubwa kuliko wote hawezi kuwasha taa ya chooni na kupata maji ya udhu, basi hujahama bado.

MWISHO

Wapo watakaosema, "Imamu, si bora tukavitupa vyote?" Sisemi hivyo. Kihisi kinachomwashia mzee taa akiamka kwa tahajudi asijikwae, hiyo ni rehema. Lakini kijana anayemwekea mzazi wake kitu asichoweza kukiendesha, kisha akasafiri na funguo zote mfukoni, amempa mzazi zawadi na kumfunga kamba kwa mkono huo huo. Wema kwa wazazi ni pamoja na kuwaachia uwezo wa kuwasha taa yao wenyewe.

Basi wewe uliye Maskati, Dubai, London au Dar es Salaam, na kifaa chako kiko kwa mama kijijini, usingoje kitangazwe kuwa kimepitwa na wakati. Wiki hii piga simu uulize maswali manne. Nakala ya akiba ipo? Ufunguo wake umeandikwa wapi? Nani mwingine ana ruhusa ya kuingia? Na mama, akitaka maji sasa hivi bila wewe, anafanyaje?

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza amana kubwa na ndogo, awalinde wazazi wetu walio hai na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wallahu a'lam.

Mfikishie na mwenzako aliye mbali na wazee wake.