Faili zipo, lakini hazionekani

Leo siandiki juu ya safari wala juu ya mgao. Naandika juu ya kosa langu mwenyewe, kwenye ile kompyuta ndogo ya kituo chetu cha vijana hapa Nyarugusu.

Wengi mnaijua. Ni Raspberry Pi, inaenea kwenye kiganja, haili umeme mwingi, tumeifunga kwenye betri ya sola. Ndani kuna Jellyfin, programu ya bure ya kuonyesha video. Ukiwa karibu na ruta yetu unafungua simu na kuangalia bila bando. Kuna masomo ya hesabu, kuna michezo yetu ya kuigiza, na kuna kile ninachokipenda kuliko vyote: wazee wetu wakisimulia namna walivyovuka Ziwa Tanganyika.

Ijumaa moja diski ya zamani ilianza kulia krr-krr, basi nikahamisha vyote kwenye diski mpya. Jumamosi mzee mmoja akafika na fimbo yake na wajukuu watatu, wamekuja kumwona kwenye skrini. Jellyfin ikaonyesha folda tupu. Mzee akatazama weee, halafu akaniuliza polepole: "Mumenifuta?"

Nikamwambia hapana papa, upo. Na kweli alikuwepo. Mimi nikifungua diski kwa akaunti yangu naona faili zote, ila Jellyfin haioni kitu. Kumbe kwenye Linux programu hiyo haifanyi kazi kwa jina langu. Ina akaunti yake, inaitwa jellyfin, na kila faili inajua mwenyewe ni nani, kundi lake ni lipi, na watu wengine wameruhusiwa nini.

Nikafanya kile tunachofanya wote tukiwa na haraka: chmod -R 777. Maana yake kila mtu asome, aandike, afute, afanye anavyotaka. Bado tupu! Mzee akaondoka na wajukuu wake.

Usiku nikaandika sudo -u jellyfin ls, yani nikajifanya mimi ndiye Jellyfin, nikaambiwa ruhusa hakuna. Halafu namei -l na njia yote ya faili. Amri hiyo inakuonyesha folda moja moja kutoka juu hadi chini, na ruhusa za kila moja. Hapo nikaona. Diski ukiichomeka tu, mfumo unaiweka chini ya /media, ndani ya folda yenye jina lako, na folda hiyo imefungwa kwa wengine. Mimi nilikuwa nimefungua milango yote ya nyumba na geti la uani liko na kufuli. Sisi wa hapa tunaelewa haraka: una kibali cha kufika Kasulu, lakini kizuizi cha kwanza hawakuruhusu kupita. Kasulu utaisikia tu.

Dawa ilikuwa kuitoa diski pale. Nikaiandika kwenye /etc/fstab ili ikae /srv/video kila kompyuta ikiwaka. Video zikarudi. Jumapili nikamfuata mzee nyumbani kwake, akacheka sana kujiona, akasema amezeeka.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini ile 777 sikuitoa. Inafanya kazi, nikasema, iache.

Baada ya wiki mbili hivi, kijana mmoja alikuwa anatafuta nafasi ya kuweka muziki, akitumia kompyuta ya kituo. Akafuta folda moja. Simlaumu, mlango niliuacha wazi mimi. Ndani kulikuwa na mama mmoja aliyeshapelekwa Marekani, na nakala nyingine hatukuwa nayo, maana diski ya zamani ilikuwa imeshakufa. Binti yake bado yupo hapa kambini.

Sasa nimepanga hivi. Nimetengeneza kundi la video, nikaiingiza akaunti ya jellyfin humo, nikaiwasha upya programu, maana bila kuiwasha upya haijui kwamba imeingia kundini. Folda nimezipa 2750, faili 640. Usizipe zote namba moja: folda yenye 640 haiingiliki. Ile 2 ya mbele inafanya kila faili mpya irithi kundi la folda. Jellyfin inasoma tu, haifuti. Wengine wote hawaingii. Na nakala ya pili iko kwenye diski tofauti, kwa mwenzangu.

Yule binti nilimwambia ukweli. Alinyamaza muda mrefu, nilitamani anitukane tu. Kesho yake akampigia mama yake, akamwomba asimulie tena. Imekuja sauti peke yake, picha hakuna, dakika 11, mtandao unakatakata, na katikati mama anauliza kama mchana tumekula. Sehemu hiyo sikuikata.