Feri, Pantoni na Daraja: Maneno ya Kiingereza ya Kuvukia Maji na Safari Yake Afrika Mashariki

Kiingereza kina maneno matatu ya kale ya kuvuka mto, na kila moja linataja njia yake. "Ford" ni mahali penye kina kifupi, ambapo watu na mifugo huvuka kwa miguu. "Ferry" ni chombo cha kuvushia watu na mizigo. "Bridge" ni daraja. Kiswahili kilitumia kitenzi kimoja, kuvuka, kikapata kivuko. Nacho kivuko kikatosha kuwa mahali pa kupitia kwa miguu, mahali pa kupandia mtumbwi, na baadaye chombo chenyewe. Maneno ya Kiingereza yalipofika Afrika Mashariki pamoja na barabara na injini za wakoloni, hayakubaki na maana zake za kwao.

La kwanza kuzeeka lilikuwa "ford". Katika Uingereza ya kale madaraja yalikuwa machache, na njia zilikutana pale mto ulipokubali kuvukwa kwa miguu. Makazi yakaota hapo, yakachukua jina la kivuko. Oxford ni mahali walipovuka maksai. Bradford ni kivuko kipana. Stratford ni pale barabara ya Kirumi ilipoingia majini na kutokea ng'ambo. Miji iliyopata daraja mapema ilijiita kwa daraja: Cambridge, na Bristol, ambao jina lake la kale lilimaanisha mahali penye daraja. Leo hakuna anayeingia Oxford akiwa amekunja suruali magotini, lakini jina linaendelea kusimulia namna wasafiri wa kwanza walivyovuka.

Neno "ford" lenyewe halikuingia katika Kiswahili. Badala yake lilikuja neno jingine la maana ileile, "drift", ambalo Waingereza walilichukua kwa Makaburu wa Afrika Kusini. Ndilo lililo katika jina la Rorke's Drift, kivuko cha mto Mzinyathi kilichokuwa uwanja wa vita kati ya Waingereza na Wazulu mwezi Januari 1879. Wahandisi wa barabara wa Tanzania na Kenya hadi sasa huita drifti ile sakafu ya zege inayojengwa chini ya korongo ili maji ya mvua yapite juu yake na magari yapite maji yakishatulia. Njia ya kale ya kukanyaga chini imebaki, ila sasa kinachokanyaga ni gurudumu.

"Ferry" lina historia ndefu zaidi. Ni ndugu wa "fare", neno ambalo zamani lilimaanisha safari na leo linamaanisha malipo ya safari. Kiswahili kina mfano unaokaribia huo. Nauli ilitufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ni neno la Kigiriki la malipo ya kusafiri kwa merikebu. Kutoka baharini ilipanda nchi kavu, na sasa abiria wa daladala analipa nauli bila kuona maji. 

Dar es Salaam ndiko neno "ferry" lilikopata maisha mapya. Mlango wa bandari kati ya Magogoni na Kigamboni ni mwembamba, na kabla ya vyombo vya injini watu walivushwa kwa mitumbwi na ngalawa. Upande wa mjini paliitwa Kivukoni. Ng'ambo yake, Kigamboni, chama cha TANU kilifungua Chuo cha Kivukoni mwaka 1961, na jina la mahali pa kuvukia likawa jina la shule ya viongozi. Feri ya injini ilipozoeleka, wakazi waligawa kazi kati ya maneno. Feri likawa jina la mahali: eneo la gati na soko la samaki lililo jirani. Chombo chenyewe wakakiita pantoni. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam anaweza kusema kwamba amefika Feri akakuta pantoni imeondoka, na kila anayemsikia akamwelewa.

Pantoni nalo lilibadilika njiani. Kwa Kiingereza "pontoon" ni boya pana au mashua bapa ya kubebea daraja la kuelea. Shina lake ni la Kilatini, na ni la ukoo mmoja na neno la Kilatini la daraja. Maana hiyo ya asili ilionekana Mombasa. Mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la kuelea la Nyali, lililokaa juu ya maboya, likipanda na kushuka kwa kujaa na kupwa kwa maji. Wakazi waliokuwa watu wazima kabla ya 1980, mwaka ambao daraja la zege lilichukua nafasi yake, wanakumbuka magari yalivyolivuka polepole. Kwa hiyo teknolojia ileile iliyokuwa daraja Mombasa iliacha jina lake kwenye chombo cha kuvushia Dar es Salaam.

Upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, Likoni, feri ilibaki kuwa feri, jina la chombo na jina la mahali kwa pamoja. Makondakta wa matatu wanaita "Feri! Feri!" na abiria wanajua wanakopelekwa. Kwa familia nyingi za Pwani neno hilo limebeba pia msiba. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na gati, na watu 272 wakafa. Tanzania nayo ilipoteza watu 228 pale MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Habari za msiba huo zilitumia neno kivuko, ambalo ndilo la serikali na la redio. Likoni bado inategemea feri kwa magari, ingawa mwaka 2020 liliwekwa daraja la kuelea la waenda kwa miguu, na hivyo wazo la pantoni likarudi Mombasa miaka arobaini baada ya lile la Nyali kuondoka.

Mahali pengine daraja limeifuta kabisa feri, lakini si jina lake. Kilifi ilipata daraja mwaka 1991, na mahali magari yalipokuwa yakipanga foleni bado panaitwa Old Ferry. Wilayani Misungwi, kijiji kilichokuwa gati la kuvukia Ghuba ya Mwanza kinajulikana kama Kigongo Feri. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Safari iliyongoja zamu ya kivuko sasa ni ya dakika chache. Mambo hayo yalikwisha kutokea Uskochi: Queensferry, mji uliopata jina kwa feri ya Malkia Margaret wa karne ya 11, ulijengewa daraja la reli mwaka 1890 na la barabara mwaka 1964, feri ikakoma, jina likabaki. Daraja jipya la mwaka 2017 limeitwa kwa jina hilohilo.

Neno "bridge" halikupata nafasi katika Kiswahili, kwa sababu kiti kilikuwa na mwenyewe. Daraja tulilipokea kwa Waarabu, ambao kwao ni ngazi au cheo, na Waswahili wakaliongezea maana ya njia ya kupita juu ya maji. Kiingereza kilifanikiwa kuingiza majina ya watu tu, kama Salenda, daraja la 1929 jijini Dar es Salaam lililoitwa kwa mhandisi wa kikoloni John Einar Selander. Madaraja ya karibuni yanaitwa kwa viongozi na fahari za nchi: Nyerere la Kigamboni mwaka 2016, na Tanzanite lililo jirani na Salenda mwaka 2022.

Majina hayo mapya ni ya heshima, lakini hayasemi jinsi watu walivyovuka. Kazi hiyo inafanywa na Feri, Kivukoni, Kigongo Feri na mamia ya majina madogo ya mitoni ambayo hayapo kwenye ramani. Madaraja yanaongezeka, na wapiga kafi na manahodha waliozijua njia za zamani wanazeeka. Walimu wa Kiswahili na jiografia wawatume wanafunzi wao kwa wazee hao, wayaandike majina ya vivuko na sababu zake. Nao wenye mamlaka ya kutaja vituo na mitaa wayatumie majina hayo, kama kituo cha mabasi ya mwendokasi kinavyoitwa Kivukoni.