Lihafu la Manyoya katika Baridi ya Mlima Kenya

Mtu wa Mvita akiambiwa baridi hukumbuka kusi ya mwezi wa Julai, upepo unapovuma usiku kucha na watu wazima wakajitanda shuka mbili badala ya moja. Hiyo ndiyo baridi tuliyolelewa nayo, na kwa hiyo hatuna hadhari na baridi nyingine. Binti yangu aliponieleza kwamba yeye na binamu zake wawili wamekata shauri kuupanda Mlima Kenya na kulala mahemani siku nne, mama yake aliuliza jambo moja tu: "Mtajifunika nini?" Vijana walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kuwa swali lile ndilo lenye uzito kuliko la viatu, la chakula na hata la nauli. Tulikwenda nao, mimi na mama yao, mwezi wa Januari, vuli ikiwa imekwisha na masika bado kuanza. Haya ninayaandika kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao wataomba ruhusa kama hiyo, na kwa mama zetu wenyewe, maana hakuna aliyesema kuwa mlima ni wa vijana peke yao.

Tulipita njia ya Sirimon, inayoanza upande wa kaskazini-magharibi, si mbali na mji wa Nanyuki. Langoni mtu amekwisha kufika mita 2,650 juu ya bahari. Kambi ya kwanza, Old Moses, iko kwenye mita 3,300. Ya pili, Shipton's, iko kwenye mita 4,200, chini ya kuta za vilele vya Batian na Nelion. Kutoka hapo wapandaji wa kawaida huelekea Lenana, kilele cha mita 4,985 kisichohitaji kamba. Ikweta inapita karibu na hapo, na jua la mchana huunguza ngozi. Lakini likizama, baridi hushuka chini ya sufuri na maji ya kijito hufanya utando wa barafu. Msomaji asidhani kuwa watu wa pwani ni wageni huko. Msafara wa Halford Mackinder, uliofika kilele cha Batian kwa mara ya kwanza mwaka 1899, ulikuwa na Waswahili 66 miongoni mwa wachukuzi wake. Wajukuu wao wanapouliza habari za mlima huo wanauliza habari za jamaa.

Mwalimu mzuri wa kujifunika nilimkuta bondeni, naye ni mmea. Katika bonde la Mackinder, lobelia kubwa huyakunja majani yake jioni na kukifunika kichipukizi cha katikati, kisha huyafungua jua likichomoza. Jirani yake, senesio, mti mnene usiopita kimo cha nyumba, hayaangushi majani yake makavu. Huyaacha yakining'inia kuuzunguka mwili wake mithili ya joho. Yale majani hayana moto ndani yake. Kazi yake ni kuizuia hewa isitembee, na hewa iliyotulia ndiyo inayohifadhi joto. Mke wangu alisimama mbele ya mti mmoja kwa muda, kisha akasema, "Huu umevaa buibui." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Lihafu la manyoya hufanya kazi hiyohiyo. Wengi wetu tumelalia mito ya sufi, na tunajua sufi mpya inavyojaa na kuinuka, na ya zamani inavyoshikana mabonge hadi ianikwe na kuchambuliwa. Manyoya yanayotiwa katika malihafu ya safari si yale marefu ya mbawa, yenye uti mgumu katikati. Ni yale malaini yaliyo chini yake, kifuani mwa bata au bata bukini, ambayo hayana uti na hutanuka kama kitawi cha theluji. Ubora wake hupimwa kwa jinsi yanavyoumuka, na mama yeyote aliyewahi kukanda unga wa mahamri atalielewa jambo hili upesi kuliko wauzaji. Nambari utakayoiona kwenye lebo, 600 au 700 au 800, ni inchi za ujazo zinazojazwa na aunsi moja ya manyoya. Manyoya ya nambari 800 yenye uzito wa gramu 28 tu hujaza takriban lita 13, yaani zaidi ya nusu ya debe. Nambari ikipanda, unahitaji manyoya machache zaidi kwa joto lilelile, na bei nayo hupanda. Lakini nambari kubwa peke yake haimaanishi lihafu lina joto. Gramu 200 za manyoya bora bado ni kidogo kwa usiku wa Shipton's. Uliza mambo mawili pamoja: yanaumuka kiasi gani, na yametiwa gramu ngapi.

Kwa nini lihafu na si begi la kulalia? Begi humzunguka mtu mzima, lakini manyoya yaliyo chini ya mgongo hukandamizwa na mwili, hewa ikatoka, na joto likapotea. Lihafu limeondoa sehemu hiyo isiyofaa kitu. Lina mfuko mdogo miguuni, mikanda ya kulifunga kwenye godoro, na kamba ya kuvutia shingoni. La kutosha baridi ya huko juu linaweza kuwa na uzito wa gramu 600 hadi 800, na likakunjwa likaingia pembeni mwa begi. Kwa wanawake nililiona lina faida nyingine: mtu hulala na dira lake na suruali zake za joto bila kujisokota ndani ya gunia la zipu, na akiamka usiku kwa haja au kwa ibada hutoka bila kuamsha hema zima.

Ila atakayenunua lihafu akasahau godoro atakuwa amenunua paa akaacha sakafu. Ardhi hunyonya joto kuliko hewa. Magodoro ya safari hupewa kipimo cha herufi R. Mkeka mwembamba wa sponji huwa na 2 hivi, na kwa ardhi inayokaribia kuganda tafuta 4 au zaidi. Vipimo hivyo hujumlishwa, kwa hiyo mkeka wa sponji chini ya godoro la kupuliza ni mpango mzuri usio na gharama kubwa. Na kichwa kivikwe kofia ya sufu, maana lihafu halina kofia.

Sasa nambari za baridi, ambazo naona zimewapotosha wanawake wengi. Mabegi ya kulalia yaliyopimwa kwa kanuni ya kimataifa huandikwa viwango viwili. Kiwango cha starehe hukadiriwa kwa mwili wa mwanamke. Kiwango cha ukomo hukadiriwa kwa mwili wa mwanamume aliyejikunja. Muuzaji hupenda kutaja cha pili, kwa sababu kinasikika vizuri. Mwanamke asikisikilize. Na malihafu mengi hayapitishwi katika kipimo hicho kabisa. Nambari yake ni makadirio ya mtengenezaji. Rai yangu ni kwamba mtu wa pwani achukue lenye uwezo wa nyuzi tano au sita zaidi ya baridi anayoitarajia. Akiona joto, atatoa mguu nje.

Siku ya pili, tukiwa njiani kwenda Shipton's, ukungu ulitelemka saa nane mchana, ukafuatwa na mvua nyembamba ya barafu. Mpwa wangu mdogo alikuwa amelifunga lihafu lake nje ya begi, ndani ya mfuko wa kitambaa, ili apate nafasi ya vyakula. Tulipofika kambini lilikuwa limelowa, na lililokuwa na unene wa mto sasa lilikuwa jembamba kama kanga mbili. Huo ndio udhaifu mkubwa wa manyoya: yakilowa hushikana, hewa hutoka, na hayafai tena mpaka yakauke. Yapo yaliyotiwa dawa ya kufukuza maji, lakini dawa huchelewesha tu. Magharibi ilipoingia yule msichana alikuwa akitetemeka meno yakigongana. Baada ya isha aliacha kutetemeka, na shangazi yake akadhani amepata nafuu. Mwongozaji wetu, mtu wa Meru, alimuuliza majina ya kambi tulizopita, naye akajibu kwa ulimi mzito kama wa mlevi. "Shehe," akaniambia, "huyu tusimwache alale peke yake. Akizidi hivi tutamteremsha usiku huuhuu."

Walimbadilisha nguo zote zilizokuwa na unyevu, wakamnywesha chai ya sukari nyingi kidogo kidogo, wakamlaza baina ya shangazi yake na binti yangu, malihafu yao mawili makavu yakiwa yametandazwa moja juu ya jingine. Begi la zipu lisingetuwezesha hilo. Sisi wanaume tulikaa nje tukichemsha maji. Mnamo saa nne za usiku kutetemeka kulirejea, na mwongozaji akafurahi, akasema sasa mwili unapigana. Saa tano alikuwa akizungumza sawasawa na kuuliza kama kuna biskuti. Wazazi walikariri hili na kulishika: kutetemeka si dalili mbaya zaidi. Mbaya ni kutetemeka kukome ilhali mtu bado yu baridi, ulimi uwe mzito na mikono ishindwe kufunga kifungo. Wengine walipoondoka saa tisa usiku kwenda Lenana, yeye na shangazi yake walibaki kambini, wakaona jua likiangukia Batian, na pimbi wakatoka majabalini kuomba makombo. Lihafu lilianikwa juu ya mawe, likikung'utwa kila mara, na hadi alasiri lilikuwa limeumuka tena.

Chupa za maji ya moto nazo zina habari yake. Chupa ngumu iliyofungwa barabara, ikavishwa soksi na kuwekwa miguuni, hupasha lihafu joto kwa saa nyingi, na alfajiri maji yale huwa bado yana uvuguvugu wa kutosha kutawadhia. Hekaya ya sahaba Amr bin al-As, aliyetayamamu katika usiku wa baridi kali kwa kuhofia maangamizi, inajulikana katika darasa zetu. Lakini mwenye jiko na gesi hawezi kujifananisha naye kwa wepesi. Jiko hilo lakini lisiingie hemani, wala la makaa, hata kwa dakika tano. Kitambaa cha lihafu huyeyuka kwa cheche, na hilo ni dogo. Moshi usioonekana huua watu waliolala, kama tunavyosikia kila mwaka katika vyumba vilivyofungwa madirisha.

Mama mmoja aliniuliza kuhusu tohara ya manyoya yenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafii, manyoya ya ndege aliyekufa bila kuchinjwa kisharia huhesabiwa najisi. Mahanafi huyaona ni safi. Asiyejua asili ya manyoya yaliyo ndani ya lihafu hana haja ya kujitia wasiwasi kulala nalo. Mimi huliweka kando nikisali, nikavaa koti la sufu, na hapo hitilafu haina mahali pa kushika. Linalonishughulisha zaidi ni manyoya yanayong'olewa ndege angali hai. Tafuta alama ya RDS kwenye lebo, kanuni inayokataza jambo hilo na pia kuwalisha ndege kwa nguvu. Asiyetaka maswali haya yote achukue lihafu la nyuzi za viwandani: ni zito zaidi na hujaza begi, lakini likilowa hubakiza sehemu ya joto lake, na bei yake ni ya chini. Kwa mtoto wa shule anayekwenda mara moja tu, ningechagua hilo bila kusitasita.

Anayenunua la mtumba, Kongowea au Gikomba, alifinye kati ya vidole. Akihisi miiba miiba, humo mna nyuti za mbawa na si manyoya ya kifuani. Aliachilie na kulitazama: zuri huinuka lenyewe ndani ya dakika chache. Aliinue mbele ya mwanga aone kama kuna vyumba vilivyo vitupu, na alinuse, maana harufu ya uvundo haitoki.

Kulifua ni mara chache, kwa sabuni ya majimaji iliyokusudiwa manyoya, kwani sabuni ya unga huondoa mafuta yake ya asili. Lisikamuliwe kwa kusokotwa wala kuinuliwa upande mmoja likiwa zito kwa maji. Likaushwe kwa mashine yenye moto mdogo pamoja na mipira miwili ya tenisi ya kuyatenganisha mabonge, au kivulini penye upepo kwa siku kadhaa, likipigwapigwa kwa mkono. Hapa petu adui ni unyevu wa bahari. Lisihifadhiwe limekandamizwa katika ule mfuko wake mdogo, wala katika nailoni isiyopumua. Mke wangu ameyashonea yetu foronya kubwa za marekani, nayo yamening'inizwa kabatini, na kila kaskazi inapoanza huyatoa barazani yakapunga upepo asubuhi moja.