Kabla ya Likizo ya Juni

Mama mwenzetu, mwezi Mei unapokaribia kwisha huku Ngara, mvua huaga, maharage hukauka shambani, na vumbi jekundu huanza kuingia kila penye mwanya. Kwa wengi hiyo ni dalili ya kiangazi. Kwetu sisi wanawake watatu tunaotunza chumba cha watoto katika maktaba yetu ndogo, ni dalili kwamba shule ziko karibu kufungwa, na mlango wetu utajaa watoto tangu asubuhi.

Usidhani tuna jumba kubwa. Nchi yetu ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa kule Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Lakini Dar es Salaam ni mbali, na kitabu kikifika huku ni kama mgeni, hakiachwi kusimama mlangoni. Tuna rafu nne, mikeka mitano, meza moja yenye mguu uliofungwa kwa waya, na daftari la kuazimia. Vitabu vingi ni vya hadithi za Kiswahili zilizotungwa na kuchapishwa hapa hapa nchini, vya aina ile iliyohimizwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991. Twavipenda kuliko vile vinene vya ng'ambo vyenye picha za theluji, ambavyo watoto huvitazama mara moja na kuvirudisha.

Kazi kubwa kabla ya likizo ni kushona. Vitabu vilivyoachana na majalada yao tunavishona kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni, kisha tunavivika karatasi ya kaki. Pia tunachagua hadithi za kusimulia. Wadogo wengi nyumbani husema Kihangaza, hivyo hadithi huanza kwa Kihangaza, ndipo tufungue kitabu na kuisoma kwa Kiswahili. Mwenzetu mmoja alijifunza njia hiyo mwaka 1994, wakati watu zaidi ya 200,000 walipovuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Alikuwa akifundisha watoto chini ya turubai kule Benaco, kitabu kimoja kwa watoto wote waliomzunguka. Mpaka leo hawezi kuona mtoto akisoma peke yake bila kumwita mwingine akae naye.

Mwaka jana tulifanya kosa. Vitabu tisa vilikuwa havijarudi, nasi tukabandika mlangoni majina ya watoto waliovichukua. Tuliona ni busara. Watatu walirudisha, sita hawakuonekana tena. Mmoja wao alikuwa msichana wa darasa la tano, msomaji hodari, ambaye kila Jumamosi aliwasomea wadogo mpaka sauti ikamkauka. Tukamwandikia mama yake barua kwamba alete kitabu au alipe shilingi 3,000 kabla ya likizo. Mtoto wa jirani akaipeleka.

Jumamosi iliyofuata yule mama akaja, amevaa kitenge chake cha kanisani, na kapu la maharage kichwani.

“Shikamooni, walimu. Nimekuja kushukuru kwa ile barua.”

Tukatazamana. Tukamkaribisha kwenye mkeka.

“Mwanangu amenisomea yote,” akasema. “Kwamba anasoma vizuri kuliko wenzake, na kwamba likizo hii nisimpeleke Nyakanazi kwa shangazi yake kulea mtoto, maana mtamhitaji hapa. Mimi sikusoma, walimu. Nilipomsikia nililia.”

Ungefanya nini, mama mwenzetu? Mmoja wetu alitaka kusema kweli pale pale, kwani uongo ni uongo hata ukisemwa na mtoto. Wa pili alimkanyaga mguu. Mkubwa wetu ndiye aliyejibu: “Mama, hilo la kusoma kwake ni kweli tupu. Barua ilikuwa na maneno mengine pia, nayo tutayazungumza yeye akiwapo. Njoo naye Jumatatu jioni.”

Walikuja. Msichana aligoma kuingia ndani, akasimama nje akilitazama jina lake pale mlangoni. Mkubwa wetu alitoka, akaibandua ile karatasi mbele yake na kuikunja. Ndipo mtoto akaingia, na kwa kunong'ona akaeleza habari ya kitabu. Asubuhi moja mama yake alikuta karatasi zimelegea kando ya mafiga, hazina jalada, akadhani ni takataka, akawashia moto. Mtoto aliporudi shuleni alikuta majivu. Hakumwambia mama yake hata siku moja, asije akaona haya. Wala sisi hakutuambia, tusije tukamdai mama.

Mama alishika kinywa. Nasi tulikuwa na haya yetu, kwa sababu daftari lilionyesha kitabu kile kiliazimwa Februari, na kando yake mmoja wetu alikuwa ameandika kwa mkono wake: hakina jalada. Tulijua, tukakitoa hivyo hivyo. Deni tulilifuta.

Msichana tulimkanya kwa ajili ya ile barua, tena kwa ukali. Alikubali kosa. Nyakanazi alikwenda hata hivyo, maana shangazi wa Biharamulo alikuwa amejifungua kweli na hakuwa na mtu. Lakini mama yake alimrudisha baada ya wiki mbili badala ya nne. Maharage tuliyakataa, akayaacha mlangoni, tukawapikia watoto siku ya kufunga likizo.

Wale wengine watano tuliwafuata makwao kwa miguu, mmoja mmoja. Wanne wamerudi. Wa tano alihama na wazazi wake, nasi hatujapata njia ya kumpelekea salamu kwamba jina lake halipo tena mlangoni.

Mwaka huu msichana yuko darasa la sita na ndiye anayeshika daftari. Mama yake hupita Jumamosi akitoka sokoni, hukaa nyuma kabisa kwenye mkeka wa wadogo, na kusikiliza. Juzi aliomba aonyeshwe jina lake linavyoandikwa. Shule zinafungwa Ijumaa, na bado tuna vitabu kumi na viwili vya kushona.