Randy Weston na ngoma za Susu

Wote, 5 Novemba

Umeme ulirudi saa tatu usiku. Nimeisikiliza Uhuru Afrika ya Randy Weston mara mbili, mwanzo hadi mwisho. Huyu ni mpiga piano mweusi wa Brooklyn. Mwezi kama huu, mwaka 1960, aliingia studio New York na bendi kubwa, na albamu ya jazi ikafunguliwa kwa Kiswahili! Shairi ni la Langston Hughes; aliyelisoma ni Tuntemeke Sanga, mwana wa Tanganyika. Nchi 17 za Afrika zilipata uhuru mwaka ule. Sisi Wakenya bado: Paul Ngei, mpigania uhuru na Mkamba mwenzetu, alikuwa angali kizuizini.

Kwetu tunaongea Kikamba. Kiswahili kwangu kilikuwa somo la mtihani. Weston alikitafuta akiwa ng'ambo, kwa kuwa alitaka lugha ya Kiafrika itangulie. Sijalala vizuri.

6 Novemba

Nimeurudia wimbo wa “Uhuru Kwanza”. Olatunji wa Nigeria, Candido na Peraza wa Kuba, Max Roach: ngoma juu ya ngoma. Piano haikimbilii mbele. Weston anagonga upande wa besi, noti chache nzito, kama mchi kinuni. Aliyezipanga sauti za bendi nzima ni Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni. Jina lake nalo nitalitaja kila nitakapoitaja albamu hii.

Mwaka 1964 makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku. Walielewa walichokisikia.

Mutomo, 8 Novemba

Nimefika kwa Susu, nyanya yangu, kupitia Emali na Kibwezi. Mashamba yamepandwa, ndengu zimeanza kuchomoza. Ujanani Susu alipiga ngoma za kilumi, usiku kucha, mvua ilipokawia. Nilimwekea spika kando ya kiti chake, naye akafumba macho, vidole vikigonga goti.

“Huyo wa kinanda,” akauliza, “anawangoja wenye ngoma?”

“Anawangoja, Susu.”

“Basi alifunzwa. Rudisha mwanzo.”

Tulirudisha mara tatu.

Wote, 15 Novemba

Mazoezi ya kwaya. Miaka sita nimekipiga kinanda cha kanisa kwa mikono yote miwili, bila kuachia nafasi hata ya pumzi. Leo, ubeti wa pili, niliuondoa mkono wa kulia. Kijana wa ngoma akaogopa, akapunguza. Nikamwashiria aendelee.

Ubeti wa tatu hakupunguza tena.