Bukavu: Jina moja, maandishi matatu, na mama anayemtafuta mtoto wake

Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika Kadutu, na kompyuta ya kijana anayetunza orodha ya familia zilizokimbia ilibakiwa na chaji kidogo. Mbele yake aliketi mama mmoja kutoka upande wa Kalehe. Alipotezana na mtoto wake njiani Februari 2025, vita ilipofika Kavumu. Kijana aliandika jina, akabonyeza. Mashine ikajibu: hakuna.

"Papa, angalia tena," mama alisema. "Niliambiwa walimwandika."

Jina la mtoto halitajwi hapa, kwa usalama wake. Lakini chukua mfano wa jina la Bashi kama Cirhuza. Anayejua kuandika Mashi ataliandika hivyo. Anayefuata sikio ataandika Chiruza, na karani aliyezoea Kifaransa ataandika Tshiruza. Mdomoni ni jina moja. Kwa kompyuta ni watu watatu.

Kosa lilianza kijana alipochagua faharasa, yaani njia ya mkato inayoifikisha mashine kwenye mstari bila kusoma orodha nzima. Alichagua ya heshi. Hii hugeuza kila jina kuwa namba na kuliweka katika sanduku la namba hiyo. Ukiuliza jina lile lile, inafika moja kwa moja. Ukibadilisha herufi moja, inafungua sanduku lingine na kulikuta tupu. Alikuwa amesikia kwamba ni ya haraka, na ni kweli. Ila kwa orodha ya watu elfu chache haraka haikuwa shida kamwe.

Ipo nyingine, mti-B, ambayo Rudolf Bayer na Edward McCreight waliichapisha mwaka 1972. Hupanga majina kwa alfabeti, hivyo unaweza kuuliza wote wanaoanza na "Cir", au waliofika kati ya tarehe mbili. Heshi haiwezi hilo. Hata hivyo Tshiruza angebaki mbali kule, kwenye T.

Kijana akajaribu Soundex, kanuni ya majina yanayosikika sawa, ambayo Robert Russell aliipatia hataza Marekani mwaka 1918. Cirhuza na Chiruza wote walitoka C620. Tshiruza akatoka T262. Kanuni hiyo ilitungwa kwa masikio ya Kiingereza, si ya Bukavu.

Mwishowe alitunga yake: "tsh" na "ch" zihesabiwe kama "c", na "rh" kama "r". Wote watatu wakawa "ciruza", na juu ya umbo hilo akajenga mti-B. Jina lenyewe hakuligusa, limebaki lilivyoandikwa. Makarani wamekwisha kuwabadilishia watu majina ya kutosha.

Mama aliporudi baada ya siku mbili, mashine ilitoa mistari minne. Kijana hakushangilia. Aliuliza umri wa mtoto, kijiji, jina la baba. Mistari mitatu ilikuwa ya watu wazima. Wa nne ulikuwa wa mtoto wa miaka tisa, aliyeandikwa Bagira, jina la baba likiwa limeachwa wazi.

"Bagira ni mbali, mama. Ngoja kwanza nipige simu."

Mama alikuwa amekwisha simama, akijifunga kitenge.