Mawimbi ya Mbao
Bunduki za bei huwekwa kitako cha mbao ya walnati, na wanunuzi hupenda ile yenye mawimbi. Mawimbi hayo mara nyingi hutoka pale tawi lilipoachana na shina, nyuzi zikajipinda. Hapo hapo hujificha gome lililomezwa na nyufa nyembamba kama unywele. Fundi huenda akaziona akiwa ameshachonga sana. Ndiyo maana mjuzi huangalia shingo ya kitako kwanza. Nyuzi zisiponyooka hapo, siku moja msukumo wa risasi utaipasua.

Nalifikiria hilo kila shangazi anaponiambia, “Wewe uliacha chuo, si uone mwenzako.” Mwenzangu ni binamu, digrii na suti. Juzi alinipigia saa nane usiku, akalia tu. Familia bado inasifu mawimbi. Mimi humwuliza kila jioni kama amekula.